Majina Mawili ya Bibi

Mjukuu wangu Yusufu,

Asalaam aleikum. Mama yako amepona mafua, na hapa Mutakura mvua imelaza vumbi, hewa inanukia udongo tu.

Umeuliza kwa nini faili uliyoiandika mwenyewe kwenye Windows inakukatalia ukiwa kwenye Unix, ule mfumo mwingine wa kompyuta. Nimecheka. Ujanani nilipofanya kazi dukani kwa wachapaji, nilitunga kadi za arusi ya dada yangu kwenye Windows, nikaziweka kwenye hifadhi ya pamoja, inayofunguliwa na kompyuta zote za duka. Nikahamia mashine ya kuchapia, ya Unix. Ikasema: huna ruhusa. Nikabaki naitazama skrini kama nyumba yetu wenyewe, taa zinawaka ndani, nami niko nje.

Fundi wa kompyuta akaniuliza, "Dada, humu walikuandika kwa jina gani?"

Windows ilinijua kwa jina la msikitini, Zaina. Unix ilinijua kwa lile la karangamuntu, kitambulisho cha serikali, Kaneza. Hifadhi ikadhani ni watu wawili. Fundi akaiambia, "Apana, huyu ni mutu mumoja," na kadi zikafunguka.

Nasikia huko kazini wanakuita Jo, kifupi cha jina lako kwa Kizungu. Itika tu. Siku ukipiga hodi hapa, hata ukisema ni Jo, nitafungua.

Bibi yako,
Zaina Kaneza