Barete ya Mapengo Mawili

Jumatatu, 24 Mei 2004

Asubuhi nzima nasugua meno ya kadi kwa kifutio cha penseli. Kompyuta ya Papa Rukundo, mwalimu mstaafu wa Mibirizi. Kasha kuukuu, feni ya mashine nyingine, diski mpya. Anataka kufungua kibanda cha kuchapa barua hapa Kamembe. Imebaki barete tu, kile kipande chembamba cha kumbukumbu. Ya zamani ilikufa.

Saa tisa Sadiki, mdogo wangu, amerudi nayo kutoka Bukavu, Kongo, ng'ambo ya daraja la mpakani. Haiingii! Mashine inataka ya mapengo mawili, yeye ameleta ya pengo moja. Nikamfokea mbele ya wateja. Nikasema hata mtoto wa chekechea anajua kuhesabu mpaka mbili. Watu wakacheka.

Alinijibu mimi dada yake neno moja: "Yaya, nilifwata mufano."

Ndiyo desturi aliyotuachia marehemu baba. Kipande hakiagizwi kwa mdomo. Anayetumwa anabeba kile kilichokufa, ndani ya soksi, akakilinganishe dukani. Mfano wenyewe ameuacha kwa muuzaji. Nikamwambia kesho arudi kule na akili badala ya soksi.

Nina ulimi mbaya. Najua.

Jumanne, 25 Mei

Sadiki amevuka alfajiri. Chai niliyomwekea hakuigusa.

Saa kumi natafuta skrubu kwenye kopo la maziwa. Nakuta barete iliyokufa. Ya Papa Rukundo. Mapengo mawili. Niliiweka mle mwenyewe! Kumbe kwenye soksi nilitia nyingine, ya mashine niliyoifungua siku ileile. Meza yangu moja, mashine mbili, na mdomo usiopumzika.

Kosa langu. Langu tupu.

Jioni muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, ameniletea salamu za Sadiki: mzigo unafika kesho, yeye analala kwa mjomba, mtaa wa Kadutu, kulekule Bukavu. Basi. Kesho nitamwomba radhi.

Jumatano, 26 Mei

Bunduki. Ng'ambo. Tangu adhuhuri. Zile nzito zinatikisa mabati ya karakana.

Nimeshuka darajani mara mbili. Hayupo.

Alhamisi, 27 Mei

Watu wanavuka na magodoro, masufuria, mbuzi. Naangalia miguu, maana nyuso zote zimekuwa moja kwa vumbi. Sadiki anavaa viatu vya plastiki vya bluu. Nimeona vya bluu jozi tatu. Wote si yeye.

Simu ya muuzaji haiiti. Wanaovuka wanasema Kadutu hakupitiki.

Mke wa Sadiki, Maman Idi, ameshinda karakanani kwangu na mtoto mgongoni. Kila mlio anamfunika mtoto masikio. Mara tatu nilifungua kinywa. Sikumwambia.

Ijumaa, 28 Mei

Imamu amewaombea walio ng'ambo. Nje ya msikiti nikamsikia Maman Idi akiwaeleza wanawake kwamba mume wake alirudi kule kurekebisha kosa lake.

Kosa lake! Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Nikavuta mtandio, nikaondoka.

Mwoga. Mimi ninayewafokea wanaume wazima.

Jumamosi, 29 Mei

Mashine nimeifungua na kuifunga mara nne. Haina kasoro.

Papa Rukundo ameteremka kutoka Mibirizi kwa miguu. Nilidhani anakuja kudai mashine yake, nikajiandaa kugomba. Amekuja na ndizi za kupika. Amesema, "Maman Zuhura, mashine itangoja. Kijana arudi kwanza."

Nikalia mbele ya mteja. Sijawahi.

Jumapili, 30 Mei

Nimemwambia Maman Idi.

Alikuwa anachambua maharage. Nikatoa barete kwenye kopo, nikamwonyesha mapengo yake, moja, mawili. Nikasema aliyekosea mfano ni mimi, aliyetukanwa ni Sadiki, na tusi ndilo lililomvusha Jumanne. Nilitaka anipige. Ningepumua.

Akaendelea kuchambua mpaka sinia likaisha.

"Ulimutukana mbele ya batu," akasema. "Akirudi, utasema mbele ya batu."

Akirudi. Nimelishika neno hilo siku nzima.

Jumatatu, 31 Mei

Amerudi! Saa nne asubuhi, peku. Viatu wenye bunduki walimvua njiani, na saa ya mkononi. Siku zote hizo alikuwa amelala sakafuni kwa mjomba, watu tisa chumba kimoja, maji kikombe kimoja kwa wawili.

Maman Idi hakupiga kigelegele. Alimshika shati kwa nyuma, hakuliachia mpaka nyumbani.

Barete ilikuwa ndani ya kofia yake. Aliichukua Jumatano kabla ya risasi, kisha mke wa mjomba akaishonea kwenye kitambaa. Amenikabidhi bila kunitazama. Mapengo mawili.

Nikasema alhamdulillahi. Yale mengine nikayaahirisha. Watu walikuwa wachache mno, nikasingizia.

Jumatano, 2 Juni

Ng'ambo bunduki bado zinalia. Karakana imejaa: majirani, wageni wa Bukavu waliolala barazani kwangu, Papa Rukundo na miwani yake. Sadiki ameingia, amekaa kwenye stuli yake pembeni.

Nikazima redio. Nikasimama. Nikasema Jumatatu ile Sadiki hakukosea. Mimi ndiye niliyetia mfano mbaya kwenye soksi, kisha nikamfokea, nanyi mkacheka. Nikasema asiyejua kuhesabu mpaka mbili ni mimi. Hakuna aliyecheka.

Nikamwekea barete zote mbili mkononi, ile iliyokufa na ile mpya. Akazilinganisha. Akahesabu kwa kidole gumba, kwa sauti, polepole, kama mwalimu wa chekechea. Moja. Mbili. Kisha akaniangalia, mara ya kwanza tangu arudi, akaipachika ile mpya mwenyewe.

Iliingia. Feni ikazunguka, skrini ikawaka. Papa Rukundo akavuta kiti akachapa kwa kidole kimoja jina la kilima chao, Mibirizi.

Chai ya Sadiki nilikuwa nimeimimina mapema, ipo pale karibu na bisibisi. Akaivuta. Akaionja, akakunja uso.

"Yaya, sukari iko wapi?"

Nikampa kopo la sukari.