Bikira wa Mama Mukubwa katoka Ujapani

Dada yangu, Yaya Furaha,

Nakusalimia toka Kindu, nimeshiba samaki wa mto Lualaba na sombe ya majani ya muhogo mpaka kalamu inateleza.

Unakumbuka Bikira Maria wa Mama mukubwa, ile sanamu nyeupe ya mwanamke mwenye ushungi na mtoto mikononi, iliyonunuliwa kwa Mgiriki aliyekuwa anauza vyombo ili arudi kwao? Mama mukubwa aliipaka ushungi rangi ya bluu iliyobaki ya mlango, akaivalisha rozari. Wakati wa vita askari walibeba magodoro, sufuria, hata mabati ya jikoni. Mbele ya sanamu walifanya ishara ya msalaba, wakaiacha.

Leo mchana alikuja mgeni, Mjapani anayetengeneza barabara. Alipoiona aliacha kula, akainama. Akatuambia huyu ni Kannon wa Wabudha, msikiaji wa vilio vya watu. Zamani walimchonga mwanaume, baadaye wakamfanya mama, na siku hizi wengi wanamweka sebuleni kuwa pambo.

Katekista, ambaye hakosi kwetu saa ya chakula, alidakia mdomo umejaa: "Mupagani! Mumutupe inje leo leo!"

Mama mukubwa akamwongezea samaki. "Katekista, wale walibeba magodoro yangu, wote walikuwa wabatizwa. Huyu mupagani ndiye alibakia na mimi."

Katekista akameza. Sanamu iko pale pale.

Jikinge vizuri na baridi ya Bukavu, Yaya. Mungu akulinde, na Kannon naye asikie. Kadi hii usimusomee padri.

Mudogo wako,
Zawadi