Mstari wa Baba Yake

Dada, unakumbuka jirani alivyoniuliza, "Mbona binti yako hakusemeshi tangu msiba wa baba yake?" Leo nimepata jibu.

Binti kanionyesha mchezo anaojifunza kutengeneza kwenye kompyuta. Kuna baba mgonjwa kitandani, na juu ya kichwa chake mstari wa kijani, ndio uhai wake. Pembeni mama anasali. Kila akisali, mstari unapungua.

Nikamwambia, "Mwanangu, hapo umekosea."

"Sijakosea, mama. Ndivyo nilivyoupanga."

Ndivyo alivyoupanga, dada! Na aliyekataa hospitali ni baba yake mwenyewe, mimi nikabaki kumwombea tu, Mungu ni shahidi.

Nikauliza, "Na huyo mama mbona hana mstari?"

"Kwani wewe ulipungukiwa na nini?"

Nakuandikia niko uani. Niliinuka nikatoka.