Utando Kwenye Kipimo cha Dawa ya Mama

Chumba Na. 14, Ghorofa ya Tatu,
Nyuma ya Maabara.
9 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Na Mama, bado mikono inamtetemeka hadi chai inamwagika? Mimi mwili mzima, ila moyo sinao.

Kile kipimo nilichokusimulia, cha kujua dawa ya kutetemeka imebaki kiasi gani kwenye damu, kimenishinda. Ncha yake ni vijibomba vya kaboni, vyembamba kuliko unywele mara maelfu. Kwenye maji ya chumvi kinasoma sawasawa. Kwenye damu, protini zinaing'ang'ania ncha, zinatanda juu yake kama utando wa maziwa, na dawa haiifikii tena kaboni. Ndani ya robo saa kinasoma nusu ya kilichopo.

Mwezi mzima niliona namba zikishuka, nikasingizia waya. Nimebadilisha waya mara sita, Kaka! Mkuu wa maabara alikuwa na haraka, nami nikafyata mdomo.

Jumanne tulimpima fundi cherehani mmoja, mgonjwa kama Mama, mtu wa mizaha. Akaniambia, “Binti, nikipona nakushonea gauni. Ukilikataa, nakushonea hema.” Kipimo kikasema dawa imepungua mwilini. Daktari akamwongezea. Kufika adhuhuri fundi alikuwa anajinyonganyonga kitandani, anafukuza watu tusiowaona. Mkewe akanikamata mkono.

“Mmempa nini?”



Nilikwenda kwa mkuu nikamwaga yote. “Ulijua?” akaniuliza. Nikasema nilijua. Majaribio yamesimamishwa, na funguo nimerudisha. Fundi ametulia sasa, lakini akiniona mlangoni anageukia ukutani.

Kaka, sijui nishike wapi. Nilimwahidi Mama kwamba yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kukitumia nyumbani, na kila nikipiga simu ananiuliza, “Lini, mwanangu?” Nimeanza barua hii nikitaka umwambie wewe. Hapana. Jumapili mpe simu, kisha utoke chumbani. Nitamwambia mwenyewe kwamba hakuna kipimo, na kwamba nilinyamaza mpaka mtu akaumia.

Nisalimie wifi, shangazi, na wanao mapacha wote wawili; wasisome barua hii. Mungu awatunze, na mimi anionee huruma.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hata leo ambapo hajipendi,

Chiriku