Lenzi Iliyoona Mbari

Baba yangu,

Mama amesema ile lenzi haitalala tena ndani ya nyumba yenu ya Ngoingwa. Alisema hivyo akiosha vyombo, bila kugeuka, na wewe unamjua Mama akiongea bila kugeuka. Kamau, kitinda mimba wako, alikuwa tayari amepata mtu wa kuinunua. Mimi nikawaomba Jumamosi moja tu. Nilitaka kuirudisha kwenye lile bwawa la Ruiru mara ya mwisho, niangalie pale ulipokuwa ukiangalia, nijue jambo moja: kama ulituacha ukiwa na hofu ama bila hofu. Jumamosi hiyo imepita, na kwa kuwa sioni wa kumwambia nilichokiona, nakuandikia wewe.

Utakuwa unakumbuka ulivyoinunua. Ile studio ya picha mjini Thika ilikuwa inafungwa, maana siku hizi kila mtu anajipiga na simu yake, na mwenyewe alikuwa ametandaza nje vitu vya kuuza. Watu waling'ang'ania viti na vioo. Wewe ulirudi nyumbani na kamera iliyokwaruzika na lenzi ndefu ya plastiki, lenzi ya bei ya mtu aliyestaafu, ukaiweka mezani kwa heshima kama kuku wa Krismasi. Mama akauliza kama inapika.

Tukaanza Jumamosi zetu. Mimi nilikuwa nikitoka kwangu Membley na gari, nakuchukua Ngoingwa, tunarudi hadi lile bwawa la shamba la zamani la kahawa nje ya Ruiru. Nusu ya kahawa ilikuwa imeng'olewa, vigingi vya ploti vimepigwa hadi karibu na maji, lakini ndege hawakuwa wameambiwa. Picha zako za kwanza zilikuwa vituko. Mdiria alitoka kama kipande cha sabuni ya bluu kilichosahaulika kwenye beseni. Nilikucheka sana, na wewe ukanuna sana, kisha ukaanza kujifunza kwa ukaidi wako ule.

Ukagundua kwamba lenzi ya bei nafuu ukiivuta hadi mwisho wake picha inalegea na kupoteza ukali, kwa hiyo ukawa unaiacha kidogo kabla ya mwisho na kusogea kwa miguu. Ukagundua haipendi kiza, ukawa unangoja jua lipande nyuma ya mgongo wako. Na kwa kuwa haikuwa na kile kidude cha kutuliza mkono unaotetemeka, ulishona mfuko kutoka gunia la unga, ukaujaza maharagwe ya Mama, ukawa unailaza juu yake kwenye ukuta wa bwawa. Mama aliyatafuta maharagwe hayo wiki nzima, na sote wawili tulinyamaza.

Zaidi ya yote uliijua sauti yake. Ilipokosa kitu cha kushika ili picha iwe kali, mota yake ndogo ilienda mbele na kurudi nyuma, krrr, krrr, kama mtu anayetafuta funguo ndani ya mkoba. Ilipopata, ilinyamaza. "Rensi haishiki hewa," uliniambia. "Ikinyamaza, ujue kuna kitu."

Nilipenda kukutania kwa hiyo "rensi". Ulimi wako, kama ndimi nyingi za nyumbani kwetu, ulibadilisha l na r ulivyotaka. Ulikuwa ukisema, "Hii kitu inaona mbari," nami nakurekebisha, "Ni mbali, Baba. Mbari ni ukoo." Wewe unacheka na kusema yote ni mamoja. Likawa neno letu la kusalimiana. Nikipiga simu kutoka kazini nauliza, leo umeona mbari? Unajibu, mbari kabisa.

Halafu ikaja ile asubuhi ya Julai, baridi yetu ya manyunyu, maji yametulia na hayana rangi. Ulikuwa umeinamia kamera kwa muda mrefu, umeielekeza ng'ambo, pale kwenye ukanda wa matope mbele ya matete. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako na chupa ya chai. Ukasema polepole kwamba unaona mbari. Nikasema kama kawaida, mbali, Baba. Hukucheka.

"Leo sijakosea," ulisema. "Nimesema mbari."

Nikachungulia juu ya bega lako. Yangeyange mmoja mweupe alikuwa akitembea ukingoni, basi. Ukaniambia, jicho bado kwenye kamera, kwamba cucu wako, nyanya yako, alikuonyesha ng'ambo ile ukiwa mtoto, akakwambia hapo ndipo watu wetu walipokaa kabla kahawa haijapandwa na wenyewe kusukumwa watoke. Ulisema kana kwamba unanielekeza duka. Kisha ukasema, kwa sauti niliyoijua tangu utoto wangu, "Maitu, geuka kidogo."

Mimi ndiye binti yako wa kwanza, nina jina la mama yako, na kwa sababu hiyo maisha yangu yote uliniita maitu, mama yangu. Kwa hiyo niligeuka. Niligeuka upande wa barabara, nikakuuliza niangalie nini. Nilisikia mota ikinyamaza, ukabonyeza, ukasema asante. Hapo nikaelewa kwamba si mimi uliyekuwa ukiongea naye, na chai ikanimwagikia mkononi.

Nilizitazama picha hizo baadaye, wewe ukiwa umelala kwenye kochi. Hazikuwa na mtu. Lakini Baba, uliyenifundisha kusoma picha ni wewe. Maji ya mbele yalikuwa ukungu. Matete ya nyuma yalikuwa ukungu. Katikati, ule ukanda wa matope ulikuwa mkali, kila kokoto inaonekana, na hapakuwa na chochote juu yake. Picha baada ya picha, lenzi ilikuwa imeshika mahali hapo hapo patupu. Nilizima kamera nikaenda kumsaidia Mama kukata sukuma wiki.

Baada ya hapo ukawa unaenda peke yako, kwa boda boda hadi stejini, kisha gari la Ruiru. Ulikuwa ukirudi suruali imelowa, Mama analalamika, wewe unasema ni umande. Kifua kikashika baridi hadi ukalazwa. Hospitalini, siku ya mwisho, uliongea na watu waliokuwa upande wa miguu ya kitanda, na hapakuwa na mtu. Uliwaambia, "Ngojeni, nakuja." Tangu siku hiyo nimekuwa nikiirudia sauti hiyo kichwani, nikiogesha watoto, nikiwa kwenye foleni ya benki, na sikuweza kujua kama ilikuwa sauti ya mtu anayeitwa na wenzake ama ya mtu anayeburutwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikinila, Baba. Kifo chenyewe ningekizoea.

Basi Jumamosi iliyopita nilienda. Kamau alikubali kunipeleka, lakini alikataa kushuka. Alisema atabaki garini akicheki mpira kwenye simu, na kwamba hiyo kamera hataiangalia hata kwa kulipwa. Nililaza mfuko wa maharagwe kwenye ukuta, nikailaza lenzi juu yake. Ilikuwa asubuhi, jua lipo, wale ndege kwarara wanapiga kelele zao kwenye mikalitusi. Hakukuwa na cha kuogopesha. Niliielekeza ng'ambo, mota ikaanza, krrr, mbele, nyuma, mbele.

Ikanyamaza.

Kwanza niliona matope, makali kama kwenye picha zako. Nikangoja. Sijui niseme walifika ama walikuwa wapo na ni macho yangu yaliyofika. Walikuwa wamesimama makundi makundi, kama watu waliotoka kanisani ambao hawana haraka ya kwenda nyumbani. Sikuwajua. Wewe nilikujua kwa mgongo. Ulikuwa na koti lako la kijivu na ulikuwa ukimsimulia mtu kitu kwa mikono, vile unavyosimulia ukikaribia mahali pa kuchekesha, na yule mtu akacheka, na mabega yako yakatikisika. Kwarara walikuwa wamenyamaza. Nilikuita. Nilikuita kwa sauti, Baba, kama mtoto sokoni. Hukugeuka.

Aliyegeuka ni mwanamke mzee aliyekuwa ubavuni mwako. Alinitazama moja kwa moja, kana kwamba maji yale hayakuwa na upana wowote, na uso aliokuwa nao ulikuwa wangu. Uso wangu, umezeeka, na kitambaa kimefungwa chini kidogo ya nywele. Hakutabasamu. Alinyoosha kiganja mbele, vile unavyomzuia mtoto asivuke barabara.

"Wangari, unaenda wapi? Rudi." Ilikuwa sauti ya Kamau, na ilitoka mbali sana nyuma yangu.

Nilitoa jicho kwenye kamera. Nilikuwa ndani ya bwawa, maji yamefika magotini, na ukuta na mfuko wa maharagwe viko kule nilikoviacha. Sikumbuki kushuka. Sikumbuki hata hatua moja. Kamau aliingia na raba zake mpya, akanishika mkono wa koti akanivuta, na ng'ambo kulikuwa na matope na yangeyange.

Garini aliwasha hita, akaniuliza nimeona nini huko. Nikamwambia korongo.

"Hakukuwa na korongo," alisema. "Mimi nilikuwa nakucheki wewe, si mpira." Aliendesha kidogo, kisha akasema, "Hii kitu tuiuze, sister. Usinielezee."

Tumeiuza. Nimemwambia Mama umekufa bila hofu, akauliza nimejuaje, nikasema nimejua tu. Alilia kidogo, akapika. Nilikuwa nimekuja kwako na swali moja na nimejibiwa vizuri kuliko nilivyotarajia: uko na watu, unachekesha, hakuna aliyekuburuta. Ninashukuru, nasema kweli. Lakini sikuwa nimejiandaa kwa lile lingine, kwamba ningekuita na usigeuke. Hilo limeniuma na bado linaniuma ninapoandika. Nadhani huko hamtusikii, ama mnatusikia vile sisi tunavyosikia gari likipita barabarani. Yeye tu, mwenye jina langu, ndiye aliyenisikia, na alichotaka ni nirudi kwa watoto wangu.

Nimerudi, Baba. Sitakuja tena ukingoni kukuchungulia. Endelea na hadithi yako, umalizie kuwachekesha. Siku yangu ikifika nitavuka kwa miguu yangu, na hapo nikikuita, tafadhali geuka.

Binti yako wa kwanza