Sukari ya Mama Mkubwa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kimashine cha sukari kimefika zahanati. Kinaingia mfukoni mwa koti. Tone moja la damu, sekunde tano, jibu. Hakuna tena kumtuma mtu Tukuyu kwa kipimo tu. Nimepima watu kumi na wanne. Bomba halitoi tangu Ijumaa — na mvua yote hii! — kwa hiyo vidole nimefuta kwa pamba ya spiriti.

Wa mwisho Mama mkubwa Subilaga, aliyenilea baada ya mama kufa. Nimemtoa jikoni kwake, alikuwa anamenya ndizi mbivu za kuponda kwenye maandazi anayouza. 23.6, mara tatu ya kawaida. Daktari Hosea kamwanzishia vidonge hapo hapo. Mama mkubwa kaniuliza, ndizi ndiyo basi? Nikamwambia basi. Sikusikia chochote moyoni. Uchovu labda.

Jumanne, 11 Machi

Nimepita kwake. Anatetemeka, jasho linamtoka, na Kyimo leo ni baridi ya masweta mawili. Hali chakula vizuri, anaogopa. Anasema sukari inamtafuna. Nikakubali. Nikamsisitiza asiruke vidonge. Kimashine nilikuwa nimekiacha kazini. Nikarudi, nikajaza rejista.

Alhamisi, 13 Machi

Kakutwa sakafuni jikoni, haitiki. Nikakimbia na kimashine. 1.7, sukari imeshuka mno. Hosea akamtundikia dripu, gari likampeleka hospitali Tukuyu. Njia nzima nimemshika mkono. Sikulia. Jirani kasema nina moyo mgumu.

Ijumaa, 14 Machi

Bomba limerudi. Kaja mzee Lukasi, bado anatafuna ndizi. 18.9. Nikamwambia anawe kwa sabuni, nikarudia. 5.3.

Watu walipoisha nikafunga mlango. Nikamenya ndizi mbivu, nikafuta kidole kwa spiriti kama nilivyomfuta yeye. 16.2. Nikanawa. 4.8.

Kwa hiyo ile siku nilipima ndizi. Vidonge vya sukari amekunywa mtu asiye na sukari, na mimi ndiye niliyemsisitiza.

Hosea alikuwa nje, anaongea na simu. Sikumwita. Nimefagia chumba, nimerudi nyumbani, nimekula.

Jumapili, 16 Machi — hospitali

Anaongea, polepole. Kanishukuru mbele ya wodi nzima. "Ndaga fijo, mwanangu. Bila kamashine kako ningekufa bila kujua naumwa nini." Kawaambia wagonjwa wenzake nitakuja kuwapima akina mama wa kanisani, wote. Nikaitikia kwa kichwa.

Watu wamemletea ndizi. Yeye hagusi. Kamenya moja, kanipa mimi, eti nimekonda.

Daktari wa hapa kapita. Anasema sukari imetulia siku tatu, kesho anamrudishia vidonge, nusu dozi, aende navyo nyumbani. Halafu akaangalia karatasi ya rufaa, akauliza ile 23.6 alipima nani, na ilirudiwa?

Mama mkubwa akanionyesha kwa kidole. Kwa fahari kabisa. "Huyu hapa. Muulize mwanangu, ndiye anayejua."

Nimeomba dakika moja. Niko kwenye korido, naandika juu ya goti. Naona aibu, hiyo walau naisikia sasa. Kupitia mlango namwona daktari amesimama kando ya kitanda, kalamu mkononi, ananisubiri. Mama mkubwa anamwambia kitu, wanacheka.

Ndizi bado ninayo. Vidole vinanata.