Mlevi Aliyesema Kama Pasta

Mjukuu wangu Katungu,

Huku Butembo tuko wazima. Nyanya yako anachambua maharagwe na anakusalimu sana. Unaniuliza kama uache hadithi yako, kwa kuwa vijana wa kanisa huko Beni wamesema sala ya mama aliye ndani yake inafanana na mahubiri.

Nimefungua daftari langu la ujana. Siku moja, huko Mutwanga, niliandika: "Wamecheka. Sitatunga tena." Nilikuwa nimetunga mchezo wa kanisa juu ya mlevi anayeokoka. Mlevi wangu aliingia akiyumba, akasema, "Ewe mke wangu, nakusihi, unifungulie mlango."

Mama mmoja akapaza sauti: "Mulevi gani anaongea kama pasta? Pombe ya kasikisi alikunywa ni maji tupu!"

Kanisa zima likacheka. Masika, msichana aliyecheza mke wa mlevi, akakasirika, akatupa karatasi yangu na kujibu kama kwao nyumbani: "Unatoka wapi? Batoto balilala njala, na weye unaimba!"

Kicheko kikakatika. Baba mmoja wa benchi la nyuma akainamisha kichwa. Kesho yake alinijia akauliza taratibu: "Nani alikuambia mambo ya nyumba yangu?"

Usiiache hadithi, Katungu. Mama yule katika hadithi yako, mwache aombe kama tunavyoomba jikoni, hata akikwama katikati. Mungu anakisikia Kiswahili chetu.

Masika yule ndiye nyanya yako. Mpaka leo hunijibu bila karatasi.

Babu yako, Koko